Kaunti ya Tulcea, Romania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ardhi, maji na riziki ya watu wake

Ikitajwa Romania, wengi hukumbuka jiji la Bucharest au ngome za Transylvania. Mashariki kabisa mwa nchi, pale mto Danube unapokutana na Bahari Nyeusi, kuna kaunti ambayo karibu nusu yake ni maji, matete na mchanga. Hapa tumekusanya maswali ambayo watu huyauliza sana kuhusu Tulcea. Msomaji asishangae mto ukijitokeza hata pale tulipoulizwa habari za viwanda, maana huko karibu kila jambo huanzia majini.

Tulcea iko wapi hasa?

Iko kusini-mashariki mwa Romania, katika eneo la kihistoria liitwalo Dobrogea. Maji yameizunguka pande tatu. Kaskazini, ng'ambo ya tawi la Danube liitwalo Chilia, ni Ukraine. Magharibi, ng'ambo ya mto wenyewe, ni kaunti za Galați na Brăila. Mashariki ni Bahari Nyeusi. Upande wa kusini tu ndio imeungana na jirani yake kwa nchi kavu, yaani kaunti ya Constanța.

Romania imegawanyika katika kaunti 41, ukiacha jiji kuu la Bucharest. Kwa Kiromania kaunti huitwa *județ*. Makao makuu ya kaunti hii ni mji wenye jina hilohilo la Tulcea, ulio kando ya mto.

Ni kubwa kiasi gani, na ina watu wangapi?

Ina kilomita za mraba 8,499, ya nne kwa ukubwa nchini. Watu wake ni wachache mno kwa eneo hilo: sensa ya 2021 ilihesabu takriban 193,000, sawa na watu 23 hivi kwa kilomita moja ya mraba. Hakuna kaunti nyingine ya Romania iliyo na msongamano mdogo kiasi hicho. Theluthi moja wanaishi katika mji wa Tulcea, na waliobaki wako vijijini na katika miji midogo minne: Măcin, Babadag, Isaccea na Sulina.

Mwaka 1992 kaunti ilikuwa na watu karibu 271,000. Viwanda vya enzi za ukomunisti vilipofungwa au kupunguza wafanyakazi, na baadaye Romania ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, vijana wengi walifungasha wakaenda kutafuta maisha Italia, Hispania na kwingineko. Katika delta, yaani kwenye mdomo wa mto, yapo makazi ambayo sasa yamebaki na wazee.

Inasemwa Tulcea ina ardhi changa kuliko zote na milima mikongwe kuliko yote nchini. Inawezekanaje?

Ni kweli, na ndiyo sababu wanajiolojia wanaipenda. Magharibi ipo safu ya Măcin, milima ya matale iliyokunjwa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla milima ya Karpati haijakuwepo. Mvua, baridi na upepo vimeisugua kwa muda wote huo hata kilele chake kirefu, Țuțuiatu, kikabaki na mita 467 tu. Mgeni huviita vilima, lakini ukisimama juu yake ukaona mawe yalivyochongoka na tambarare inavyotandaa chini, utaelewa kwa nini wenyeji husisitiza kusema ni milima.

Mashariki ya kaunti ni kinyume chake. Delta ya Danube ni tope na mchanga uliobebwa na mto kutoka nchi nyingi za Ulaya, ukamwagwa hapo kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, na kazi hiyo bado inaendelea. Kisiwa cha Sacalin, mbele ya mlango wa tawi la Sfântu Gheorghe, kilijitokeza mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo sehemu nyingine za pwani zinaliwa na bahari. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu ya mto, hasa lile la Porțile de Fier lililokamilika mwaka 1972, huzuia tope lisifike, na pwani isiyoletewa tope hurudi nyuma.

Kati ya milima na delta kuna nyanda za juu za Babadag na mashamba makavu. Kusini-mashariki yapo maziwa ya pwani ya Razim na Sinoe. Razim ndilo ziwa kubwa kuliko yote Romania. Zamani lilikuwa na maji ya chumvi, lakini mlango wake wa baharini, Portița, ulizibwa katika miaka ya 1970 ili maji yatumike kumwagilia mashamba, na sasa maji yake hayana chumvi.

Danube huingiaje baharini?

Kwa matawi matatu. Karibu na mji wa Tulcea mto unagawanyika mara mbili: kwanza tawi la Chilia linachepuka kwenda kaskazini, kisha lile lililobaki linagawanyika kuwa Sulina katikati na Sfântu Gheorghe kusini. Chilia ndilo linalobeba maji mengi zaidi, na ndilo mpaka na Ukraine. Sfântu Gheorghe ndilo kongwe, na linajipinda kama nyoka. Sulina ni jembamba na limenyooka, lakini meli kubwa za mizigo hupita humo.

Kwa nini Sulina limenyooka hivyo?

Kwa sababu lilinyooshwa na watu. Baada ya Vita vya Krimea, Mkataba wa Paris wa 1856 uliunda Kamisheni ya Ulaya ya Danube, ikiwa na wajumbe wa mataifa saba. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha meli zinaweza kuingia mtoni. Wakati huo mlango wa Sulina ulikuwa makaburi ya meli, maana mchanga ulijaa na nahodha hakujua kina kitakuwaje kesho yake.

Mhandisi Mwingereza, Charles Hartley, alijenga kuta mbili za mawe zilizoingia baharini, zikakamilika mwaka 1861. Kuta hizo ziliubana mkondo wa maji ukapata nguvu ya kujifagilia mchanga wenyewe. Halafu, kati ya 1868 na 1902, mipindo mikubwa ya tawi ilikatwa mmoja baada ya mwingine, na njia ikafupishwa kutoka kilomita 92 hivi hadi 64. Mpaka leo meli za baharini ambazo sehemu yake iliyo ndani ya maji ni mita 7 hivi hupanda hadi Tulcea, Galați na Brăila. Sehemu hiyo ya mto hupimwa kwa maili za baharini kuanzia Sulina, na kijiji cha Mila 23 kilipata jina lake kutokana na hesabu ya maili kwenye mkondo wa zamani, kabla haujakatwa.

Kijiji hicho ndipo alipozaliwa Ivan Patzaichin, mpiga makasia aliyeshinda dhahabu nne za Olimpiki kati ya 1968 na 1984. Watoto wa huko hujifunza kasia kabla ya baiskeli, kwa sababu barabara yao ni maji.

Mji wa Sulina ulikuwa tajiri. Nini kiliupata?

Sulina ulitangazwa bandari huru mwaka 1870, bidhaa zikashuka bila ushuru wa forodha. Wagiriki, Waturuki, Warusi, Waarmenia, Wayahudi, Waitaliano na Waingereza wakaja kufanya biashara, nchi kadhaa zikaweka balozi zao ndogo, na Kamisheni ikajenga jumba lake, hospitali na mnara wa taa. Makaburi ya mji yanasimulia habari hiyo vizuri kuliko kitabu: Waislamu, Wayahudi, Waorthodoksi, Wakatoliki na Waanglikana wamelala jirani, mabaharia waliozama wakiwa karibu na mabinti wa kifahari.

Hadhi ya bandari huru ilifutwa mwaka 1931, na mwishoni mwa muongo huo Kamisheni nayo ikapoteza mamlaka yake. Mfereji wa Danube hadi Bahari Nyeusi ulipofunguliwa mwaka 1984 katika kaunti ya Constanța, meli nyingi zilipata njia fupi isiyopita Sulina kabisa. Leo mji una watu wapatao 3,000, na hakuna barabara inayoufikia. Binafsi naona hakuna sehemu ya kaunti hii inayohitaji uangalizi kuliko Sulina. Majengo yake ya karne ya 19 yanabomoka kwa chumvi na unyevu, na kila linaloanguka halina mbadala.

Watu wa Tulcea ni wa kabila gani?

Wengi ni Waromania, lakini eneo hili lilikuwa chini ya Waturuki wa Osmani hadi 1878, na limekuwa kimbilio la watu wengi. Walipovani ni Warusi waliokataa mageuzi ya ibada katika kanisa la Urusi ya karne ya 17, wakakimbia mateso na kujificha kwenye matete. Wana ndevu ndefu, kalenda yao ya zamani, na mitumbwi myeusi ya mbao iliyopakwa lami, iitwayo *lotca*. Wapo pia Waukraine, Waturuki, Watatari, Wagiriki na Waroma. Katika kijiji cha Greci, chini ya milima ya Măcin, wapo wajukuu wa Waitaliano waliokuja mwishoni mwa karne ya 19 kuchonga matale.

Mji wa Babadag una msikiti wa karne ya 17, na kaburi linalohusishwa na Sari Saltik, sufii mashuhuri wa karne ya 13. Msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitaja katika safari zake za miaka iliyofuata mji uitwao Baba Saltuk. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba ndio Babadag hii.

Watu wanaishi kwa uvuvi tu?

Hapana, ingawa vijiji vya ndani ya delta bila samaki visingekuwepo. Wavuvi huvua kambale wakubwa wa Ulaya, samaki aitwaye kapu, na zaidi ya yote *caras*, samaki mdogo mvumilivu aliyeenea sana katika maji ya delta. Samaki hupelekwa *cherhana*, kituo cha kupokelea samaki, ambako hupimwa na kuwekwa kwenye barafu. Masika ndiyo msimu wa *scrumbie*, samaki wa ukoo wa karibu na sardini anayetoka baharini kupanda mto ili kutaga. Bei hupanda, kila nyumba inachoma, na mji mzima wa Tulcea hunukia.

Kila mwaka masika kunakuwa na kipindi cha kama miezi miwili cha kuzuia uvuvi ili samaki wazaliane. Mvuvi halali anaumia, kwa sababu kipato kinakatika wakati bei iko juu, huku mwizi wa usiku mwenye mashine ya umeme akiendelea kuua hata vifaranga vya samaki. Ukiwasikiliza wavuvi, malalamiko yao makubwa ni hayo: sheria humfikia kwanza anayeitii.

Na kaviari?

Kaviari halisi ni mayai ya sturijoni, samaki wa kale asiye na magamba ya kawaida, mwenye mabamba ya mifupa mgongoni. Mkubwa kuliko wote, anayeitwa *morun* kwa Kiromania, huweza kuzidi urefu wa mita 4. Danube ni miongoni mwa mito ya mwisho Ulaya ambako sturijoni bado wanazaliana wenyewe porini. Mabwawa yaliwafungia njia ya kwenda juu, na uvuvi wa tamaa ukamalizia. Romania ilipiga marufuku kuwavua tangu 2006, na marufuku hiyo imeongezwa tena na tena. Sturijoni wa kike huchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kutaga mara ya kwanza, kwa hiyo anayeua mmoja kwa ajili ya mayai amefuta kazi ya miaka mingi kwa siku moja. Kaviari inayouzwa kihalali hutoka kwa samaki wa kufugwa.

Matete yana faida gani?

Delta hii ina mojawapo ya misitu mikubwa ya matete duniani. Hukatwa majira ya baridi, yakiwa makavu, na yaliyo bora husafirishwa kwenda kuezekea nyumba magharibi mwa Ulaya. Wenyeji nao huezekea nyumba zao hivyohivyo.

Serikali ya kikomunisti iliona ndani yake karatasi. Miaka ya 1950 kijiji cha Maliuc kilijengwa kwa ajili ya shughuli hiyo, na matete yakapelekwa kiwanda cha selulosi Brăila. Mitambo mizito ilikanyaga mizizi, matete yakadhoofika, mavuno yakashuka. Tena katika miaka hiyohiyo na iliyofuata, wafungwa wa kisiasa walilazimishwa kukata matete wakiwa ndani ya maji baridi, kwenye kambi kama ile ya Periprava. Wengi walifia huko. Jambo hili linapaswa kutajwa kila uchumi wa matete unapotajwa.

Ni kweli Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa Romania, alitaka kukausha delta?

Ni kweli. Mpango wa 1983 ulilenga kugeuza maeneo makubwa ya delta kuwa mashamba ya nafaka na mabwawa ya samaki. Matuta yakajengwa, maji yakasukumwa nje kwa pampu. Shamba la Pardina peke yake lina hekta 27,000 hivi. Lakini udongo uliozoea maji ukikauka hupanda chumvi na kupoteza rutuba, na pampu zinakula umeme mwingi. Utawala ulipoanguka Desemba 1989 kazi ilisimama.

Kisha kikafanyika kitu ambacho mimi hukiona kikubwa kuliko ujenzi wenyewe: matuta yakatobolewa makusudi. Kisiwa cha Babina kilirudishiwa maji mwaka 1994, na Cernovca mwaka 1996. Baada ya muda mfupi matete, samaki na ndege walirudi. Pardina bado inalimwa, na mjadala kama nayo irudishwe majini unagusa mishahara na kodi ya ardhi, kwa hiyo hauna dalili ya kwisha upesi.

Viwanda vipo?

Vipo, karibu vyote katika mji wa Tulcea, na vyote vilikuja kwa sababu ya mto. Kikubwa ni kiwanda cha kuunda meli cha Vard, kilicho chini ya kampuni ya Italia ya Fincantieri. Kinatengeneza mabodi ya meli ambayo humaliziwa Norway na kwingineko, na ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa kaunti.

Kingine ni Alum, kilichokuwa kikisafisha boksiti kuwa alumina, ambayo ilipelekwa mji wa Slatina kuyeyushwa kuwa aluminiamu. Kampuni mama, Alro, ilikuwa ikimiliki mgodi wa boksiti Sierra Leone, kwa hiyo udongo mwekundu wa Afrika Magharibi ulikuwa ukipanda Danube kwa meli hadi gati la Tulcea. Mwaka 2022, bei ya nishati ilipopanda Ulaya nzima, kiwanda kilisimamisha uzalishaji. Kwa mji mdogo kama huu, pigo la kiwanda kimoja husikika hadi kwenye duka la mikate.

Mashambani wanalima nini?

Ngano, mahindi, alizeti na rapa (mmea wa mbegu za mafuta) kwenye nyanda za kati, na zabibu za mvinyo kando ya Niculițel na Măcin. Tatizo ni mvua. Pwani ya Sulina ndiyo sehemu kavu kuliko zote Romania, haifikishi milimita 400 kwa mwaka. Ni ajabu kuona mkulima akilia ukame ilhali mto wa pili kwa urefu Ulaya unapita mlangoni, lakini mifumo mingi ya umwagiliaji ya zamani iliharibika au kuibwa vyuma baada ya 1989.

Upepo, kwa upande wake, hauna msimu wa njaa. Dobrogea ndiyo yenye mitambo mingi ya umeme wa upepo nchini, na upande wa Tulcea utaiona Casimcea na Topolog. Halmashauri hupata kodi, wenye ardhi hupata pango. Wanaohesabu ndege wana wasiwasi, maana eneo hilohilo ni njia kuu ya ndege wahamao.

Daraja jipya la Brăila limebadilisha nini?

Kabla ya Julai 2023, aliyetaka kuvuka Danube kwa gari kutoka Tulcea kwenda Brăila au Galați alipanga foleni ya pantoni, na upepo ukivuma au barafu ikijaa mtoni alisubiri. Daraja linaloning'inia la Brăila, lenye uwazi wa mita 1,120 kati ya nguzo zake mbili kuu, limeondoa kero hiyo. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali kubwa na kwa mwenye lori la nafaka, ni jambo kubwa mno.

Vita vya Ukraine vimeigusa vipi kaunti hii?

Moja kwa moja. Februari na Machi 2022 maelfu ya wakimbizi walivuka kwa pantoni ya Orlivka hadi Isaccea, na wenyeji wakawapokea kwa chai, supu na vitanda. Ukraine ilipokosa bandari zake za baharini, ilipeleka nafaka kwenye bandari za Izmail na Reni mtoni. Meli zikajaa mbele ya Sulina zikisubiri marubani wa kuziongoza kuingia.

Julai 2023 makubaliano ya kuruhusu nafaka ya Ukraine ipite Bahari Nyeusi yalivunjika, na Urusi ikaanza kuzishambulia bandari hizo kwa droni. Kijiji cha Plauru kinatazamana na Izmail, mto tu ukiwa katikati. Mwezi Septemba mabaki ya droni yalipatikana upande wa Romania, na wanakijiji wakajengewa mahandaki ya zege.

Kwa nini delta inalindwa?

Ni hifadhi ya biosfera tangu 1990 na Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1991. Zaidi ya aina 300 za ndege zimeonekana hapo. Koloni la mwari weupe katika eneo la Roșca-Buhaiova, lisiloruhusiwa kuingiwa na watalii, ndilo kubwa kuliko yote Ulaya. Katika msitu wa Letea, uliohifadhiwa tangu 1938, mialoni imezungukwa na mitambaazi juu ya matuta ya mchanga, na farasi wasio na mwenyewe hutembea makundi kwa makundi.

Ni kweli baadhi ya ndege hao huja Afrika Mashariki?

Ndiyo. Korongo weupe wanaozaliwa juu ya nguzo za umeme za vijiji vya Tulcea hupita mlango wa bahari wa Bosphorus, Uturuki, Israeli na bonde la Nile, na wengi hufika Kenya, Tanzania na hata Afrika Kusini. Ukiwaona Serengeti wakifuata nzige mwezi Januari, huenda baadhi yao walilelewa huko. Keremkerema wa Ulaya, wanaochimba viota kwenye kingo za udongo wa Dobrogea, nao hushuka Afrika.

Nikitaka kutembelea, niende lini na nifikeje?

Treni na basi hufika Tulcea mjini. Uwanja mdogo wa ndege upo Cataloi, lakini safari zake ni chache, wengi hupitia Bucharest. Kutoka gatini, meli za abiria hushuka hadi Sulina, Sfântu Gheorghe na Periprava. Ukitaka mifereji midogo, kodi boti na mwenyeji. Kuingia hifadhini unahitaji kibali cha kulipia.

Mei na Juni ndege wako kwenye viota na maji yamejaa. Julai mbu ni wengi kupita kiasi. Septemba kumetulia, zabibu zinavunwa Niculițel, lakini korongo utawakosa: huondoka mwishoni mwa Agosti.